Mshumaa Uliowashwa Mchana

Persis aliishi karibu na soko la Nyakoe, si mbali na mji wa Kisii. Mumewe aliitwa Angwenyi. Alikuwa mwashi, mtu wa kujenga nyumba za matofali. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano. Walikuwa na migomba, shamba dogo la wimbi na mbuzi wawili.

Siku za soko Persis alipeleka ndizi Nyakoe. Alizipanga chini juu ya majani, akaketi nyuma yake, akangoja wateja. Lakini macho yake hayakuwa kwenye ndizi. Yalikuwa barabarani. Basi la kutoka Ekerenyo lilipofika, alisimama. Aliwatazama abiria wakishuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kisha aliketi tena.

"Unamngoja nani?" jirani yake Bitutu alimuuliza siku moja. Bitutu naye aliuza ndizi.

"Simngoji mtu."

"Kama humngoji mtu, mbona kila basi likija unasimama?"

Persis alicheka kidogo, akaanza kuzipanga ndizi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Alikuwa akimngoja baba yake. Bitutu alijua hivyo. Watu wote wa soko walijua.

Baba yake aliitwa Obadiah Machogu. Alikaa Ekerenyo, alikofuga nyuki. Alikuwa pia mzee wa kanisa la Waadventista, watu wanaoshika Sabato siku ya Jumamosi. Mkewe alifariki Persis akiwa na miaka minane. Obadiah hakuoa tena. Alimpikia mtoto uji mwenyewe. Alimfulia nguo mtoni, wanawake wakamcheka, naye akaendelea kufua. Jioni alimfundisha kusoma, kidole chake kikubwa kikipita chini ya kila neno.

Persis alipokua, alipendana na Angwenyi. Angwenyi alikuwa Mkatoliki.

"Kijana huyu sina ubaya naye," Obadiah alimwambia binti yake. "Ana mikono ya kazi. Lakini watu wake wanawasha mishumaa mchana, jua likiwa juu. Wanaiinamia nta na moto. Ukienda kwao, utaushika mshumaa huo. Na siku utakapoushika, usiniite tena tata."

Tata ndilo neno la Wagusii la kumwita baba.

Persis alikwenda. Harusi ilifungwa katika kanisa Katoliki, na Obadiah hakuja. Miaka sita ikapita. Hakuna aliyemtembelea mwenzake. Persis alisikia habari za baba yake kutoka kwa watu wa basi tu. Mara waseme anakohoa. Mara waseme amevuna asali nyingi. Mara waseme hawakumwona.

*

Ikafika Januari ya mwaka 1974. Mwaka huo mafuta ya taa yaliadimika. Watu walipanga foleni na chupa zao tangu alfajiri, wengine wakarudi nazo tupu. Mishumaa nayo ilipotea madukani.

Jumapili moja baada ya sala, katekista wa kanisa lao dogo alisimama mbele ya watu. Katekista ni mwalimu wa dini. Huyu aliitwa Thadeus Ombati.

"Ndugu zangu," alisema, "tarehe mbili Februari ni sikukuu ya kutolewa kwa Bwana hekaluni. Wengi wenu mnaiita Sikukuu ya Mishumaa. Padre atakuja kuibariki mishumaa yetu, na tutaandamana nayo mpaka kanisani. Lakini nimezunguka maduka ya Kisii yote. Hakuna mishumaa."

Watu walinung'unika.

"Msife moyo. Zamani hakukuwa na mishumaa ya dukani. Watu walitumia nta ya nyuki, na nyuki tunao. Akina mama, mnaweza kutengeneza?"

"Tunaweza," akina mama wakajibu.

Bitutu aliinua mkono. "Mwalimu, mimi nina swali. Misa itakuwa asubuhi. Jua litakuwa linawaka bure kwa kila mtu. Mshumaa wa mchana ni wa nini?"

Watu walicheka. Persis hakucheka. Hilo lilikuwa swali la baba yake.

Thadeus alikuja akaketi kwenye benchi la mbele, karibu na watu.

"Swali ni zuri," alisema. "Tuanze na hadithi yenyewe. Yesu alipotimiza siku arobaini tangu azaliwe, Maria na Yosefu walimpeleka hekaluni. Hesabuni kuanzia Krismasi. Siku ya arobaini ni ipi?"

Watu walihesabu kwa vidole. "Tarehe mbili Februari!" mtoto mmoja akapaza sauti.

"Haya. Hekaluni mle alikuwamo mzee mmoja, Simeoni. Alikuwa ameahidiwa kwamba hatakufa kabla ya kumwona Mwokozi. Basi akangoja. Nadhani alingoja miaka mingi. Nadhani kila mtoto alipoletwa, mzee alisimama akamtazama, kisha akaketi tena."

Persis aliinamisha kichwa.

"Siku ile akamwona mtoto Yesu. Akampokea mikononi, akasema kwamba mtoto huyu ni mwanga kwa watu wa mataifa yote. Sisi hatukuwepo. Hatuwezi kumbeba mtoto yule. Kwa hiyo tunashika mwanga, kukumbuka kwamba Simeoni alimshika Mwanga mwenyewe. Mama Bitutu, mshumaa ule si wa kutuonyesha njia. Ni wa kusema kwamba tuliyekuwa tukimngoja amekuja."

"Na ukiwekwa nyumbani unafukuza radi?" mwanamke mwingine aliuliza. "Mama mkwe wangu husema hivyo."

"Hapana. Mshumaa si hirizi wala dawa. Haufukuzi radi, hauponyi homa. Mtu akiwa na homa, mpeleke zahanati. Mshumaa ni alama. Unapouona ukiwaka, unakumbuka na unasali. Basi."

*

Alhamisi akina mama walikutana nyuma ya kanisa. Walileta masega makavu kutoka kwa wafugaji nyuki wa jirani. Persis aliwasha moto mkubwa. Waliyatia masega ndani ya sufuria, wakaiweka juu ya moto, bila maji. Waliona ni kazi rahisi, kama kuyeyusha mafuta ya kupikia.

Nta iliyeyuka. Ikaanza kutoa moshi. Persis aliinama kuikoroga, na mara moto ukashika ndani ya sufuria.

"Maji! Leteni maji!" mtu alipiga kelele.

Bitutu alichukua ndoo ya maji, akaimwaga yote ndani ya sufuria. Moto uliruka juu kama umepigwa kiboko. Nta iliyowaka ilitapakaa kila upande. Akina mama walikimbia. Persis aliachwa ameshika mkono wake wa kushoto, akilia.

Thadeus alitoka kanisani mbio. Aliuingiza mkono wa Persis ndani ya ndoo ya maji baridi ya kisima. Aliuacha humo muda mrefu. Mwanamke mmoja alileta siagi, mwingine majivu.

"Hapana," alisema Thadeus. "Mtu akiungua, ni maji baridi na safi tu. Kisha zahanati."

Zahanati walimfunga Persis kitambaa cheupe kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Jioni Angwenyi alimkuta ameketi mlangoni.

"Achaneni na nta," Angwenyi alisema. "Sikukuu itapita hata bila mishumaa."

"Yuko mtu anayeijua kazi hii," alisema Persis. "Nta yake ilikuwa ya manjano, safi kabisa. Nilikuwa shuleni alipoisafisha, kwa hiyo sikuiona kazi yenyewe. Niliona tu nta imekauka kama kipande cha jua."

Angwenyi aliketi kando yake. Kisha akauliza, "Unataka kumwendea kwa ajili ya nta, au kwa ajili yako?"

"Sijui," Persis alijibu. "Lakini sasa nimepata sababu ya kwenda."

*

Jumatatu alipanda basi la Ekerenyo. Alishuka, akatembea kati ya mashamba ya chai na migomba. Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba. Alikuwa ameinama juu ya mzinga wa gogo, akiuziba ufa kwa udongo. Mgongo wake ulikuwa umepinda. Shingo yake ilikuwa imekonda.

"Bwakire, tata," Persis alimwamkia.

Mikono ya Obadiah ilisimama. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, alimtazama Persis usoni, kisha akautazama mkono.

"Mkono umefanya nini?"

Baada ya miaka sita, hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Niliungua."

"Kwa nini?"

"Kwa nta."

"Nta?" Mzee alisogea karibu. "Mliiyeyushia wapi?"

"Ndani ya sufuria."

"Maji mlitia kiasi gani?"

"Hatukutia."

"Sufuria juu ya moto mkali, bila maji?" Obadiah alitikisa kichwa. "Nani alikwambia nta inachomwa kama mahindi? Nta inapikwa ndani ya maji, mtoto wangu. Ni kazi gani mliyotaka kufanya na nta?"

Persis angeweza kudanganya. Angeweza kusema ni nta ya kupaka viti, au ya uzi wa fundi viatu.

"Ya mishumaa, tata. Ya kanisani."

Obadiah aliuweka udongo chini. Nyuki walisikika wakivuma ndani ya gogo.

"Basi uliushika," alisema.

"Niliushika. Na uliniambia nikiushika nisikuite tata. Leo nimekuita mara mbili. Unisamehe. Sina jina lingine la kukuita."

Mzee aliketi juu ya jiwe. Persis naye akaketi chini, mbali kidogo. Akamweleza maneno ya katekista. Alimweleza siku arobaini, na hekalu, na mzee Simeoni.

"Andiko hilo nalijua," alisema Obadiah. "Ni mimi niliyekufundisha kulisoma. Simeoni hakushika mshumaa."

"Ni kweli. Alimshika mtoto."

Obadiah aliitazama mikono yake yenye udongo. Alikaa hivyo mpaka Persis akadhani amesahau kwamba hayuko peke yake.

"Una mtoto?" aliuliza mwishowe.

"Mmoja. Msichana."

"Jina lake?"

"Gesare."

Gesare lilikuwa jina la mama yake Persis, mke wa Obadiah aliyefariki. Mzee aliinuka. Akaenda upande wa pili wa mzinga, mahali Persis asipoweza kuuona uso wake.

"Nta yangu haiendi kwenye mishumaa," alisema kutoka huko. "Nenda sasa. Basi litakuacha."

Persis alikwenda. Ndani ya basi aliegemeza kichwa kwenye dirisha. Mama mmoja aliyeketi karibu naye alimuuliza kama mkono unamuuma sana. Persis alisema ndiyo, unauma sana.

*

Alhamisi asubuhi Persis alikuwa akifagia uwanja. Mbuzi walilia. Aliinua macho, akamwona mtu mrefu aliyepinda, amebeba gunia begani, amesimama kwenye ua kama mtu asiyejua aingilie wapi.

Ufagio ulimdondoka.

"Sikuja kwa ajili ya mishumaa," Obadiah alisema kabla ya salamu. "Nimekuja ili msiungue tena. Nimekosa usingizi siku tatu. Nikifumba macho naona sufuria ile."

"Karibu, tata."

"Waite hao wanawake wako."

Akina mama walikuja. Angwenyi alimwamkia mkwe wake kwa mbali, kwa heshima, kama desturi inavyotaka, kisha akaenda kuchanja kuni. Obadiah alivua koti. Akafungua gunia. Lilikuwa limejaa masega, na ndani yake mlikuwa na mabonge mawili ya nta ya manjano.

"Nani alimwaga maji kwenye moto?" aliuliza.

Wanawake wote walimtazama Bitutu.

"Ni mimi, mzee," alisema Bitutu. "Nilidhani ninaokoa watu."

"Basi wewe utashika kifuniko. Sikilizeni wote. Nta ikishika moto, usimwage maji kamwe. Maji huutupa moto juu. Funika sufuria kwa kifuniko, na uvute kuni. Moto ukikosa hewa, unakufa wenyewe. Hata mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo."

Bitutu alishika kifuniko kwa mikono miwili, akasimama karibu na jiko kama askari.

Obadiah aliwafundisha hatua kwa hatua. Kwanza waliyachagua masega. Yale meusi sana aliyatupa. Mengine waliyavunja, wakayaosha kwa maji ili asali yote itoke. Kisha waliyatia ndani ya sufuria yenye maji mengi, juu ya moto mdogo.

"Maji yakianza kutokota, punguza kuni," alisema. "Usiondoke. Anayepika nta hapigi soga njiani."

Nta ilipoyeyuka, waliimwaga yote, nta na maji, ndani ya kipande cha gunia kilichofungwa juu ya karai. Wawili walikikamua kwa vijiti viwili, kwa uangalifu. Uchafu ulibaki ndani ya gunia. Nta na maji vilishuka chini.

"Sasa funikeni, muiache mpaka kesho. Msiiharakishe. Nta hupanda juu, maji hubaki chini."

Mchana mtoto Gesare alirudi kutoka kwa jirani. Alimkuta mzee asiyemjua ameketi juu ya gogo karibu na jiko. Alimtazama.

"Huyu ni sokoro," Persis alimwambia. "Ni babu yako."

Gesare alisogea. Akanusa mkono wa mzee. "Sokoro ananukia moshi," alisema.

"Ni moshi wa nyuki," alijibu Obadiah. "Nyuki wakisikia moshi hutulia."

"Na mimi nikisikia moshi nitatulia?"

"Wewe? Sidhani."

Mtoto alicheka, akaketi karibu naye. Obadiah alikuwa na kazi ya kufanya, lakini hakuinuka kwa muda mrefu.

*

Ijumaa asubuhi walifunua karai. Juu ya maji kulikuwa na sahani kubwa ya nta, ngumu, ya manjano. Akina mama walipiga vigelegele. Obadiah aliigeuza, akakwangua uchafu wa chini kwa kisu. Kisha waliiyeyusha mara ya pili. Safari hii nta iliwekwa ndani ya kopo refu, na kopo likawekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Mwali wa moto haukuigusa nta.

"Tambi ziko wapi?" aliuliza.

Persis alimwonyesha kamba za katani.

"Hizi zitatoa moshi, na watu watakohoa ibada nzima. Leta uzi wa pamba. Suka nyuzi tatu, kaza."

Walisuka. Walichovya kila utambi ndani ya nta, wakautoa, wakaungoja upoe. Wakachovya tena. Kila mara mshumaa ulinenepa kidogo. Uliopinda waliuviringisha juu ya ubao mpaka ukanyooka.

Katekista Thadeus alikuja kuwatazama. Obadiah alimsogelea.

"Mwalimu, nikuulize mbele ya watu. Mnauabudu mshumaa huu?"

"Mzee, ukiinua Biblia yako juu, unaabudu karatasi?"

"Hapana."

"Na sisi hatuabudu nta. Tunamwabudu aliyesema yeye ni mwanga wa ulimwengu."

Obadiah aliuchovya utambi aliokuwa ameushika, akautoa, akautazama ukidondosha.

"Mimi sitauwasha," alisema.

"Hakuna aliyekuomba uuwashe, mzee. Umetufundisha kuutengeneza. Inatosha."

Alasiri wanawake wengine walikwenda kuchota maji. Persis na baba yake walibaki peke yao kwenye jiko. Waliendelea kuchovya. Mshumaa ulishuka, ukapanda.

"Nilifika Nyakoe mara mbili," Obadiah alisema ghafla.

Persis aliinua kichwa.

"Mara ya kwanza nilisikia umezaa, ingawa juzi nilikuuliza kama mtu asiyejua. Nilikuja kwa miguu, kwa njia ya nyuma, ili watu wa basi wasinione. Nilifika pale kwenye mti mkubwa, upande wa juu wa nyumba yenu. Nikaona nepi za mtoto juu ya kamba. Nikarudi."

"Na mara ya pili?"

"Mwaka jana. Nilikuona sokoni. Basi lilikuja, ukasimama. Nilidhani umeniona. Kumbe ulikuwa ukitazama watu wa basi. Mimi nilikuwa nyuma yako."

Machozi yalimshuka Persis. Hakuweza kuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kitambaa, na mwingine ulikuwa na nta.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyekukataza kuniita." Obadiah alichukua mshumaa kutoka mkononi mwake, akauning'iniza kwenye kamba pamoja na mingine. "Mtu hufunga mlango kwa nguvu, halafu anashangaa kwamba yuko peke yake ndani."

Jua lilipokaribia vilele vya milima, mishumaa zaidi ya hamsini ilikuwa imening'inia kwenye kamba. Obadiah aliosha mikono yake kwa sabuni, mara mbili, mpaka kwenye viwiko.

"Sabato inaingia," alisema. "Sifanyi kazi tena, wala sisafiri mpaka kesho jua litue."

Kwa desturi, mzee hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Angwenyi alimpeleka kwa Mzee Joash, jirani aliyesali Sabato kama yeye, ambako alikuwa amelala hata usiku wa kwanza.

*

Mwaka huo tarehe mbili Februari iliangukia Jumamosi. Asubuhi, Wakatoliki walikusanyika chini ya kilima, kwenye njia panda. Padre alisali, akaibariki mishumaa. Thadeus akawasha wa kwanza. Kutoka kwake mwali ulipita kwa Bitutu, kutoka kwa Bitutu kwa Persis, kutoka kwa Persis kwa mtoto Gesare. Ukaenea kwa watu wote, na ule wa kwanza haukupungua.

Mishumaa ilinukia asali. Haikutoa moshi. Watu walianza kupanda kilima wakiimba.

Juu ya kilima kulikuwa na upepo. Mshumaa wa Gesare ulizimika. Persis akauwasha kutoka kwa wake. Ukazimika tena. Mtoto akaanza kulia.

Wakati huo huo wazee wawili walikuwa wakishuka njia ile ile. Mmoja alikuwa Joash. Wa pili alikuwa Obadiah, amevaa kofia na koti aliloazimwa, Biblia kwapani. Walikuwa wakienda kwenye kanisa lao. Walipouona msafara, walipanda ukingoni ili kuwapisha watu.

Persis alimwona. Alikuwa ameshika mshumaa mchana, mbele ya macho ya baba yake, na jua lilikuwa juu.

"Sokoro!" Gesare aliita. Alitoka kwenye mstari, akakimbia mpaka ukingoni na mshumaa uliozimika. "Sokoro, upepo unauzima kila mara!"

Watu waliokuwa karibu waliacha kuimba. Obadiah alimtazama mtoto. Alimtazama Persis. Kisha akampa Joash Biblia, akashuka njiani.

"Mwambie mama yako auwashe," alisema.

Persis aliinama, akauwasha. Upepo ulikuja. Obadiah alivua kofia yake, akaukinga nayo mwali upande wa upepo. Mwali ulitikisika, ukasimama.

"Tembea polepole," alimwambia mtoto. "Mimi niko hapa."

Wakaenda hivyo. Mtoto alishika mshumaa, na mzee alitembea kando yake, ameinama, kichwa wazi, kofia mkononi. Hakuimba nyimbo zao. Hakuushika mshumaa. Lakini haukuzimika mpaka mlangoni mwa kanisa.

Pale mlangoni alisimama. "Ingieni," alimwambia Persis. "Mimi nina ibada yangu. Jua likitua nitakuja kula kwako."

*

Tangu mwaka huo akina mama wa kanisa lile walijitengenezea mishumaa wenyewe. Walipika nta ndani ya maji, kwa moto mdogo, kifuniko kikiwa karibu. Hakuna aliyeungua tena. Bitutu ndiye aliyewafundisha wanawake wa makanisa mengine, na kila mara alianza kwa kusimulia ndoo yake ya maji.

Lakini Persis akiulizwa habari za mwaka ule, husimulia jioni ya siku ile. Jua lilitua. Obadiah alikuja. Alikula obokima, yaani ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga, akaomba aongezwe. Alimsimulia Gesare habari za bibi ambaye mtoto amepewa jina lake, jinsi alivyocheka, jinsi alivyoogopa nyuki. Persis alikuwa hajasikia baba yake akimtaja mama yake kwa miaka mingi.

Wakati wa kuondoka ulipofika, Gesare alimshika koti.

"Sokoro, kesho utakwenda?"

"Kesho ni Jumapili," alisema Obadiah. "Mtakwenda kanisani kwenu."

"Tukirudi utakuwa umekwenda?"

Mzee alimtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akamwinamia mtoto.

"Hapana," alisema. "Mkirudi mtanikuta hapa."